Taa za staili ya kiwandani kwenye sebule ya futi 9 yenye pangaboi katikati

Dada mmoja wa Rau, Moshi, ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nyumba tumeshapiga jipsam, bado rangi ya mwisho. Upande wa makochi ni mita 5 kwa 4 na nusu, silingi futi 9, katikati kuna pangaboi na siwezi kulitoa, joto la Moshi unalijua. Meza ya chakula ya watu 6 iko upande wa jikoni, hakuna ukuta kati. Nimependa zile taa nyeusi za chuma kama za kiwandani, yale makofia makubwa ya kuning'inia, nataka 3 kwa mstari pale kwenye makochi. Mume wangu anasema nitageuza sebule kuwa gereji. Nichukue zipi? Na zile globu zenye nyuzi za njano zinakula umeme?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya nyumba. Mumeo usimcheke, kuna kitu ameona ila amekitaja vibaya. Chuma hakina shida, nyeusi haina shida, shida ni kwamba ile taa ilitengenezwa kwa ajili ya paa refu na wewe una futi 9. Ukishaelewa hilo basi mambo mengine yote yanajipanga yenyewe, ikiwemo yale makofia yako ambayo sisemi usinunue, nasema usinunue matatu na usiyaweke hapo ulipopanga.

Yale makofia yametoka viwandani kweli, Marekani na Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya 1900 huko umeme ulipoanza kuingia kwenye karakana. Paa liko juu mita 5 au 6, mashine ziko chini, na mwenye kiwanda hataki kulipia umeme wa kumulika mabati, anataka mwanga uende kwenye mikono ya fundi. Ndo wakatengeneza kofia la chuma lililopakwa enameli, ileile ya vikombe na masinia ya bibi zetu, nje mara nyingi kijani na ndani nyeupe pee. Enameli haishiki kutu na ule weupe wa ndani unausukuma mwanga wote chini. Na ule wavu wa chuma unaozunguka globu nao ulikuwa na kazi, mtu akipita na ngazi begani asipasue globu. Baadae sana, miaka ya 1960 na 1970, wasanii wa New York wakaanza kuhamia kwenye viwanda vilivyoachwa mtaa wa SoHo kwasababu kodi ilikuwa ndogo, wakakuta mabomba na taa kule juu, hela ya kubomoa hawana, wakaishi nazo, na leo wenye hela ndo wanalipa ili nyumba zao zifanane na za wale waliokuwa hawana. Ingia siku moja godauni lolote la zamani la kahawa hapo Moshi uangalie juu, utaona mwenyewe nafasi iliyopo kati ya kichwa chako na paa. Sebule yako haina hiyo nafasi.

Tuhesabu. Futi 9 ni kama mita 2.74. Kofia la upana wa sentimita 40 lina kimo kama sentimita 25 hivi. Ukilishusha kwa waya wa sentimita 60 tu, na kwenye picha ulizoziona waya ni mrefu zaidi ya hapo, mdomo wa kofia unakuwa mita 1.89 toka kwenye tailizi. Mumeo akiwa mrefu kidogo tu, siku anavaa shati akanyoosha mkono, ngo! Mahali watu wanapopita acha mita 2.1 chini ya taa, hiyo usiipunguze hata kama fundi anakwambia watazoea. Sasa toa 2.1 kwenye 2.74, umebaki na sentimita 64 za kuchezea, ambapo kofia lenyewe limekula 25, waya unaobaki hauna hata futi moja na nusu, na kofia kubwa lenye waya mfupi linaonekana kama limenyongwa.

Alafu kuna pangaboi, na hapa ndo watu wengi wa Moshi wanaumia kwasababu picha zote wanazoiga hazina pangaboi. Panga la kawaida ni inchi 56, yaani linafagia duara la mita 1.4, sentimita 70 kila upande toka katikati. Taa ikikaa juu ya usawa wa mapanga na karibu nayo, mwanga unapita katikati ya mapanga na chini kunakuwa na kivuli kinachokatika-katika, pa pa pa pa, dakika kumi tu kichwa kinauma na wageni hawajui kwanini wanataka kuondoka. Na taa ikining'inia kwa waya karibu na panga inaanza kubembea, vivuli vya makochi navyo vinabembea ukutani, watoto watafurahi siku ya kwanza. Kwahiyo ule mstari wa taa 3 kupita katikati ya sebule hauwezekani, hata uwe na silingi ya futi 12.

Ningekuwa mimi ndo naweka, upande wa makochi ningeweka taa 4 za kubandika kwenye silingi, nyeusi, za chuma, zile fupi zenye kofia dogo la sentimita 20 au 25 ambazo zinashuka kidogo tu, kila moja kwenye robo yake. Unagawa urefu wa mita 5 mara nne unapata 1.25, unagawa 4.5 mara nne unapata kama 1.13, ndo umbali wa taa toka kwenye kuta. Hapo kila taa iko zaidi ya mita moja na nusu toka katikati ya panga, kivuli hamna, upepo hauzigusi. Chora kwa penseli kwenye silingi kabla hujatoboa, na usimuachie fundi apime kwa macho, najua ninachosema, mi mwenyewe ni fundi.

Na lile kofia kubwa unalolitamani? Liweke juu ya meza ya chakula. Pale hakuna anayepita katikati ya meza, kwahiyo ile mita 2.1 haikuhusu, unalishusha mpaka mdomo wake uwe sentimita 75 hadi 90 juu ya meza, na hapo ndo linapendeza kwasababu linafanya kazi lililozaliwa nalo, kumulika meza na kuacha pembeni pametulia. Meza ya watu 6 kofia moja la sentimita 40 mpaka 45 linatosha, ukitaka mawili chukua madogo ya 30. Mtu akiingia mlangoni atakachokiona kwanza ni hilo, na zile 4 ndogo za kwenye makochi zitafuata rangi yake tu. Mumeo hatasema gereji tena, au akisema itakuwa ni kwasababu nyingine.

Sasa dukani. Kitu cha kwanza pindua kofia uangalie ndani. Kama ndani ni nyeupe au rangi ya fedha, sawa. Kama ndani ni nyeusi kama nje, liache hapo hapo hata kama muuzaji anakwambia ndo fasheni, nyeusi inakunywa mwanga, utaweka globu kubwa na bado utatumia tochi ya simu kutafuta rimoti. Kuna zile za ndani rangi ya shaba au dhahabu, ni nzuri kwa macho lakini zinafanya mwanga uwe mwekundu-mwekundu, juu ya meza sio mbaya, kwenye makochi hapana.

Za wavu sizipendi sana, nakwambia ukweli. Ukiweka globu ya kioo kinachoonyesha ndani, wavu unapiga michirizi ya vivuli silingi nzima, wengine wanapenda, mi naona kama niko mahabusu. Na vumbi la Moshi wakati wa kiangazi, nani atakuwa anapanda stuli kila wiki kufuta vyuma kimoja kimoja?

Epuka pia zile za chupa au bakuli la kioo lililofungwa chini. Masika ikianza kumbikumbi wanakuja, unazijua zile jioni, asubuhi chupa imejaa mabawa na maiti. Kofia lililo wazi chini wadudu wanaanguka sakafuni unafagia yameisha. Mwanga wa njano nao unaita wadudu wachache kuliko ule mweupe wa bluu-bluu, kwahiyo hiyo ni faida nyingine.

Kuhusu globu. Zile zenye nyuzi za njano ziko za aina mbili na kwa mbali zinafanana. Ishike mkononi ikiwa imezimwa. Ukiona vijiti vinene vya njano kama kiberiti, vimenyooka au vimejikunja, hiyo ni LED, ile njano ni dawa iliyopakwa juu ya vidude vinavyowaka. Ukiona uzi mwembamba wa kijivu kama unywele umezungushwa-zungushwa, hiyo ni globu ya kizamani kabisa, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake zinakuwa joto. Hata boksi litakwambia, LED itaandikwa wati 4, 6 au 8, ya kizamani 40 au 60. Chukua globu 4 za kizamani za wati 40, ziwake kwa muda wa saa 5 kila jioni, unapata unit 0.8 kwa siku, mwezi mzima unit 24. Globu 4 za LED za wati 8 kwa saa hizohizo ni unit 4.8 kwa mwezi. Na kama mita yenu ya LUKU iko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo wasiozidi unit 75 kwa mwezi, hizo 24 ni karibu theluthi yake umechoma kwenye urembo.

Usiangalie wati peke yake, angalia lumeni, yaani kiasi cha mwanga unaotoka, imeandikwa kwenye boksi. Kwa sebule ya mazungumzo na tivii lumeni 150 kwa kila mita ya mraba zinatosha. Eneo lako ni mita za mraba 22.5, ukizidisha unapata kama 3,400. Globu ya LED ya nyuzi ya wati 8 inatoa kama 800 mpaka 1,000, nne zake zinakuweka hapo hapo. Ukichukua zile za rangi ya chai, zenye kioo cha kahawia, lumeni zinashuka sana, globu nne hazikufikishi hapo, itakuwa kama sehemu ya nyama choma saa nne usiku, pazuri kwa bia ila mtoto hawezi kufanya homuweki. Ukizipenda weka moja tu kwenye taa ya pembeni.

Rangi ya mwanga: tafuta boksi lililoandikwa 2700K au 3000K, dukani ukisema wom, yaani ya njano, wataelewa. Watakung'ang'aniza ile 6500K kwasababu ndo imejaa madukani na mteja anaona inawaka sana, usikubali, chuma cheusi chini ya mwanga mweupe wa hospitali ndo gereji yenyewe anayoisema mumeo. Na nunua zote siku moja, boksi la aina moja, ongeza 2 za akiba, manake moja ikiungua baada ya mwaka ukanunua ya kampuni nyingine utaona moja ina njano ya yai na nyingine njano ya limau na macho yako hayatatoka hapo.

Jambo dogo ambalo hakuna anayelisema. Kaa kwenye kochi. Silingi ya futi 9 globu iko karibu na jicho kuliko kwenye picha, na globu ya kioo kinachoonyesha ndani inachoma macho, tena inajiona yenyewe kwenye kioo cha tivii. Kwa zile taa 4 chukua globu za maziwa, nyuzi huzioni lakini unaweza kumuangalia mgeni usoni. Zile za kuonyesha nyuzi peleka kwenye meza, ndani ya kofia refu ambalo linazificha.

Dima, ile swichi ya kupunguza mwanga, sikushauri kama huna uhakika, LED zisizo za dima ukizipunguza zinatetemeka na kulia nzzzz. Mwambie fundi azigawe kwenye swichi 2, mbili za upande wa tivii na mbili za upande wa dirisha, na ya mezani iwe na swichi yake. Utazima unachotaka. Umeme ukikatika kama mna inveta, zote 5 ni kama wati 40, haziwezi kuisumbua.

Angalia pia kitako. Kuna holda za pini, zile za kusukuma na kuzungusha kidogo, na kuna za kuzungusha mwanzo mwisho ambazo zinaitwa E27, hiyo 27 ni milimita za upana wake. Taa nyingi za staili hii ni E27. Na chukua taa ambayo globu inatoka, usichukue ile ambayo LED imejengwa humo humo, kwa umeme wetu unaopanda na kushuka kinachokufa kwanza ni kile kikadi cha ndani, globu ikifa unanunua globu, taa ya kujengwa ikifa unanunua taa nzima na ya kufanana na zile nyingine huipati tena.

Nije kwenye kitu kinachonipa wasiwasi zaidi. Taa ya chuma lazima iwe na ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Taa ya plastiki fundi akikuwekea waya 2 unaweza kuishi, ya chuma hapana, waya wa moto ukichubuka kidogo ndani mwili mzima wa taa unakuwa na umeme na hutajua mpaka siku unaifuta kwa kitambaa kibichi. Nyumba nyingi huku kwetu saketi ya taa imepitishwa nyaya 2 tu, ethi iko kwenye soketi, kwasababu fundi alijua utafunga globu na holda ya plastiki basi. Na holda ya E27 ina siri yake: waya wa moto unatakiwa uende kwenye kile kichuma cha katikati chini kabisa, nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, ndo iende kwenye duara la kuzungushia globu. Akigeuza taa itawaka vizuri tu, hutajua, ila siku unabadilisha globu na kidole kikagusa lile duara utapigwa shoti. Na swichi ikate waya wa moto, sio nyutro. Dalili moja ya swichi kukata nyutro ni LED kubaki inamulika kidogo-kidogo kama kimulimuli hata ukizima, ingawa hata swichi zenye taa ndogo nyekundu zinafanya hivyo.

Nakwambia haya kwa sababu yalinikuta. Miaka ile nimeanza kazi Arusha kuna mama mmoja wa Njiro alitaka taa ya mabomba, tukachukua bomba za maji za nusu inchi, elbo, tii, nikampelekea fundi wa kuchomelea kule Unga Limited akakata kwa grenda, tukapaka nyeusi isiyong'aa, ikatoka nzuri mpaka nikaipiga picha. Bomba lililokatwa kwa grenda linaacha ukingo wa ndani mkali kama wembe, sikupiga tupa, nikavuta waya kwa nguvu kupitisha kwenye kona ya elbo, ukachubuka. Wiki ya tatu mama ananipigia, anasema taa inamng'ata. Ethi hamna. Ashukuriwe Mungu alikuwa amevaa ndala na amesimama kwenye stuli ya mbao. Nilienda nikaivua siku hiyohiyo, nikarudi na tupa na waya mpya laini wa nyuzi nyingi, nikapitisha ethi toka kwenye meini na kuifunga kwenye bomba lenyewe, pesa yangu. Tangu hapo chalii wangu akikata bomba nampitishia kidole ndani kabla hajagusa waya, nikisikia mkwaruzo anarudia.

Kwahiyo ukiamua kuchongesha kwa fundi wa kuchomelea badala ya kununua, na mimi napenda hilo kwasababu unapata saizi yako, mwambie hivyohivyo kuhusu ukingo. Na uzito. Bomba la nusu inchi lina zaidi ya kilo moja kwa kila mita, ukiongeza elbo na tii na makofia unafika kilo 4 au 5 bila kujua. Jipsam haibebi huo uzito. Skruu za kwenye jipsam tupu zitakaa mwezi, pangaboi litatikisa, na usiku mmoja utasikia kishindo. Taa ifungwe kwenye blandaring, zile mbao zinazoshika jipsam, na kama pale ulipochora penseli hakuna mbao basi fundi apande darini apigilie kipande cha 2 kwa 4 toka kenchi hadi kenchi, skruu ziingie humo. Zile ndogo 4 za kubandika nazo fanya hivyohivyo hata kama ni nyepesi.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, kesho mchana zima meini, fundi afungue sehemu zote 5 na ahesabu nyaya. Akikuta 3, yaani moto, nyutro na ile ya kijani au kijani na njano, nenda kanunue. Akikuta 2, ethi ivutwe sasa hivi pamoja na hizo mbao za juu. Umesema rangi ya mwisho bado, hapo mna bahati, matundu yatazibwa na skimu kidogo na hakuna atakayejua. Mpigie fundi rangi leo asubiri siku 2.